Bakuli Lililorudi Tupu

"Rudia! Rudia hilo neno, Divine, na wale wa barabarani walisikie!"

"Nalirudia hata mara kumi. Mchoyo! Mchoyo wa pwani! Siku arobaini umekula mkononi mwangu, leo umenyanyuka kitandani huna haja na mimi tena!"

"Shusha sauti, mtoto amelala."

"Mtoto? Huyo mtoto nguo zake nimefua mimi! Na wewe maji ya moto nimekukanda mimi, ukiwa umelala hapo unalia unamwita mama yako wa Tanga ambaye hata hakuja!"

Hilo la mama lilimwingia Zuhra. Alikuwa amesimama kizingitini kwake, kanga begani, hina ya jana ikiwa imemkolea miguuni, na hapohapo uso ukambadilika.

"Sasa umevuka," alisema polepole. "Hapo umevuka, Divine."

Lakini watu hawakuwa wakimtazama Zuhra, wala Divine mwenyewe hawakumtazama usoni. Wote walikuwa wakitazama mkono wake wa kulia. Mkono ulikuwa juu, na mkononi mlikuwa na bakuli la bati lenye maua mekundu.

Ua wa Bi Mwajabu, mwenye nyumba wao, uko nyuma ya soko la Kasulu, na hakujawahi kutokea ugomvi pale ukakosa watazamaji. Siku hiyo mwenye mashine ya kusaga alizima mashine yake ili asikie vizuri. Nurudini wa bodaboda alisimama na abiria wake nyuma, na abiria hakulalamika. Alishuka kabisa, akaegemea ua wa matete. Wanawake wawili waliokuwa wakianika muhogo juu ya turubai waliendelea kuanika, ila kwa muda mrefu walikuwa wakigeuza kipande kilekile. Kila mtu alikuwa anajua kinachofuata. Divine akishainua kitu, kitu hicho hakirudi chini salama.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, muuza mawese, mtu wa Kibondo. Babu yake alivuka kutoka Burundi akiwa na jembe na mbuzi mmoja, na baba yake alikufa akiwa raia mwenye kitambulisho. Mama yake, Epifania, bado analima maharage kulekule. Divine aliondoka Kibondo miaka mitatu nyuma baada ya kumrushia shemeji yake sufuria la uji wa moto. Uji ulimkosa, ukapata ukuta, lakini sufuria lilivunja dirisha, na mumewe Venanti akaona inatosha. Mama mwenyewe ndiye aliyemfungia nguo kwenye kitenge. "Nenda, mwana wanje, mwanangu," alimwambia. "Moyo ukitulia utarudi. Usipotulia, nitakuja kukuona mimi." Hakuwa amekuja.

Hapa Kasulu watu walimpenda haraka, maana Divine akikupenda anakupenda kweli. Anakuchotea maji, anakusuka, anakutetea sokoni hata kama una makosa. Lakini kwake mtu alikuwa malaika au alikuwa nyoka, na kutoka kwenye umalaika hadi kwenye unyoka palihitaji asubuhi moja tu. Mpangaji wa chumba cha pembeni alirushiwa kigoda kwa sababu alipita bila kumsalimia. Mwingine alivunjiwa chungu. Bi Mwajabu alidhani ni majini, akamletea kombe, maji yaliyooshewa aya, anywe. Kanisani walimwekea mikono. Wengine walisema ni kiburi, wengine wakasema amerogwa na mke mpya wa Venanti. Wote waliona anavyorusha. Ambacho hawakukiona, na kwa hiyo hawakukisimulia, ni jinsi alivyokuwa akijifungia ndani baada ya kila ugomvi, akijipiga mapaja kwa ngumi mpaka yavimbe, kwa aibu.

Na safari ya mwisho, ile ya chungu, Bi Mwajabu alimwambia mbele ya wapangaji wote: "Siku utakayorusha kitu tena uani kwangu, hata kijiko, naweka kufuli langu mlangoni kwako."

Hiyo ilikuwa miezi kumi na minne nyuma.

Sasa hilo bakuli. Zuhra alipojifungua, mumewe alikuwa safarini na lori, na mama yake alikuwa Tanga, mguu mbovu, hawezi basi la siku mbili. Uzazi wa kwanza, peke yake, hana ndugu. Divine hakuombwa. Aliingia tu na ndoo ya maji ya moto. Akafundishwa kupika uji wa pilipili manga kama wanavyoupenda watu wa pwani, naye akaongeza vyake: maharage ya mawese, supu ya kongoro, ugali wa muhogo mwororo. Kila siku bakuli la maua lilivuka ua likiwa limejaa. Na kila siku lilirudi na kitu, kwa sababu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hata mtoto mdogo hapa anajua. Kama huna kitu unaweka limau. Huna limau unaweka chumvi kidogo. Zuhra aliweka tende, aliweka maandazi mawili, siku moja aliweka kitunguu kimoja na wakacheka mpaka mwanawe mchanga, Mansuri, akaamka.

Leo ilikuwa siku ya arobaini. Mzazi anatoka nje, dua inasomwa, watu wanakula. Divine alirudi kutoka sokoni saa nne na kukuta harufu ya pilau imejaa ua mzima, inatoka jikoni kwa Bi Mwajabu. Na mlangoni kwake, juu ya jiwe, bakuli lake. Limeoshwa, likasuguliwa kwa majivu mpaka linang'aa.

Tupu. Hata punje ya chumvi hamna.

Watu hudhani hasira ya Divine huanza kama moto. Hapana. Huanza kama baridi tumboni, kama mtu amemeza maji ya mto asubuhi. *Anaondoka. Huyu naye anaondoka.* Moto unakuja baadaye kuifukuza hiyo baridi, na moto ukishakuja Divine hujiona ana nguvu, hana hofu, na kila neno la kumchoma mtu linamjia lenyewe ulimini. Hakuuliza. Alichukua bakuli, akasimama katikati ya ua, akaita jina la Zuhra.

Na sasa mkono ulikuwa juu, na Zuhra alikuwa amesema "umevuka," na mlango wa nyumba kubwa ukafunguka.

Bi Mwajabu akatoka. Mwanamke mnene, mjane, baibui la kushindia, mwiko wa pilau mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa na kufuli. Alisimama tu pale barazani, akasubiri.

"Haya ndiyo hayo," alinong'ona mmoja wa waanika muhogo.

"Rusha basi!" mtu akapaza sauti kutoka barabarani, na wengine wakacheka.

Divine aliusikia mkono wake. Ulikuwa unataka kurusha. Ulikuwa unajua hata mahali: ukuta wa kulia wa mlango wa Zuhra, pale penye plasta mpya. Bati lingelia, Zuhra angeruka, mtoto angelia, na kwa dakika moja, moja tu, ile baridi ingekwisha.

Ndipo akamkumbuka Kaka Evaristi na maswali yake ya kipuuzi.

Evaristi ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, kijana mwenye kitambi cha mzee. Siku Divine alipopelekwa kwake mara ya kwanza, baada ya kile chungu, alimsikiliza saa nzima, kisha akamwambia ugonjwa wake una jina refu la Kizungu, na kwamba kwa Kiswahili wanauita ugonjwa wa haiba, ule wa mpakani. "Mpakani?" Divine alimwuliza. "Kaka, hapa Kasulu nani si wa mpakani?" Evaristi alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akamwambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: kwamba si jini, si uchawi, si roho mbaya. Kwamba moyo wake unasikia maumivu upesi kuliko wa wengine na unachelewa kupoa. Na kwamba mambo hayo mtu hujifunza kuyashika, polepole, kama kazi nyingine yoyote.

"Wewe kazi yako ni mawese," alimwambia. "Sufuria likishika moto unafanyaje?"

"Naondoa kuni. Nafunika."

"Humwagii maji?"

"We kaka, unataka kuniua? Kibondo shangazi alimwagia maji, moto ukapanda mpaka kwenye paa!"

"Basi na hasira usiibishie, usiimwagie maneno. Ondoa kuni, funika. Na kuni ni nini?"

Hakujua.

"Kuni ni wewe kusimama palepale. Ondoka. Lakini kabla hujaondoka sema mambo matatu, kwa sauti, ili mwenzio asidhani umemtupa." Na alimfanya ayarudie kila Alhamisi, kliniki, mbele ya kundi la watu kumi, mpaka hata mzee Ndayiragije wa kifafa akawa anayaimba.

Maneno matatu. Mbele ya kundi yalikuwa rahisi. Hapa, mbele ya Kasulu nzima na abiria wa Nurudini, yalikuwa hayataki kutoka.

"Nime... Nimekasirika."

Barabarani wakaangua kicheko. "Tumeona!"

"Naondoka."

Mkono ukaanza kushuka. Haukushuka vizuri; ulishuka kwa vipande, kama ngazi mbovu. Ulipofika usawa wa kifua ulisimama, na hapo watu wakarudi nyuma kwa sababu walidhani sasa ndiyo anarusha. Akainama. Akaweka bakuli chini, kwenye udongo mwekundu, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Bati halikutoa hata mlio.

Neno la tatu ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akisubiri watu waliosema hivyo.

"Nitarudi," alimwambia Zuhra.

Akageuka, akapita katikati ya watu, na watu wakampisha.

Alikwenda mbio hadi kwenye bomba la chini, karibu na mnada wa mbuzi. Kulikuwa na foleni ya ndoo. Divine hakusalimia mtu. Alipiga magoti mbele ya ndoo ya kwanza iliyojaa, akatumbukiza uso wote, akashikilia pumzi.

"Yoo! Ndoo yangu!" akapiga kelele mwenye ndoo, mama mmoja mrefu aitwaye Ndayikeza. "Huyu anazama au anaoga?"

Divine akainua uso, akavuta pumzi, akazamisha tena. Maji ya milima ya huku ni baridi, yanauma mpaka kwenye meno. Mara ya tatu alipoinua uso, moyo ulikuwa umeacha kupiga ngoma. Alikuwa amekaa matopeni, nywele zinachuruzika, na wanawake saba wamemzunguka.

"Nisameheni mama," alisema. "Nitakuchotea nyingine."

"Umepatwa na nini, mwanangu?"

"Nilitaka kurusha bakuli."

"Ukalirusha?"

Divine alifungua mdomo kujibu, na ndipo jambo lenyewe likamfikia. Lilimfikia kwa nguvu kiasi kwamba alishika mdomo kwa mikono miwili.

Akatoa simu, akaifuta kwa gauni, akapiga Kibondo.

"Mama. Mama, sijarusha."

"Nani? Divine? Hujarusha nini?" Sauti ya Epifania ilikuwa ya shambani, ina upepo.

"Bakuli. Nilikuwa nimeliinua, mama. Watu wote wapo, na mwenye nyumba ana kufuli mkononi. Nikaliweka chini."

"Uliliweka chini mwenyewe? Hukushikwa?"

"Sikushikwa na mtu."

"Liko zima?"

"Zima, mama."

Divine alidhani simu imekata, akaitazama. Halafu kikatoka humo kigelegele, kirefu, chembamba, kigelegele cha harusi, kikatoka kwenye ile simu ndogo mpaka wanawake wa bombani wakarudi nyuma. Kule Kibondo walisikika majirani wakiuliza shamba hadi shamba nani kajifungua. "Mwanangu!" Epifania aliwajibu, akilia na kucheka. "Mwanangu hakurusha!" Na wale wa Kibondo, ambao bila shaka hawakuelewa hata kidogo, wakajibu kwa vigelegele vyao. Mama Ndayikeza naye hakukubali kupitwa na shughuli asiyoijua: akaweka mkono mdomoni, akaachia chake. Bomba zima likaitikia.

"Nitakuja Jumamosi," alisema Epifania. "Unanisikia? Nakuja mwenyewe, nilione hilo bakuli."

Divine alichota ndoo ya Ndayikeza, akamtwisha. Kisha akakaa kwenye jiwe mpaka gauni likakauka. Mara tatu kukaa huko kulikaribia kumshinda. Sasa moto ulikuwa umezimika, baridi ilikuwa imerudi, na baridi ilikuwa na maneno yake: *Amekwisha kukuchukia. Umemtukania mama yake. Usirudi, pitia tu nguo zako, panda gari la Buhigwe, anza upya kwa watu wasiokujua.* Alikuwa ameshaanza upya mara nne katika maisha yake. Alijua kunavyofanyika.

Lakini alikuwa amesema nitarudi.

Alirudi jua likiwa limepita utosini. Watu wa dua walikuwa wanavaa viatu, wanaaga. Mashine ya kusaga ilizimwa tena, na hilo Divine alilisikia, ila hakugeuka. Bakuli halikuwa pale alipoliacha. Zuhra alikuwa barazani kwa Bi Mwajabu, Mansuri begani, na alipomwona macho yake yalikuwa mekundu.

Divine akasimama mbali kidogo.

"Zuhra, dada yangu. Nimekutukania mama. Sikuwa na haki. Nisamehe."

"Nimeumia," alisema Zuhra. "Sikufichi. Nimeumia sana."

Siku nyingine neno hilo lingetosha kumfukuza. Mtu akimwambia Divine *umeniumiza*, yeye husikia *ondoka*. Alisimama hapohapo, vidole vya miguu vimeshika udongo, akalisikia neno lilivyo, mpaka likapita, na Zuhra bado alikuwa amekaa.

"Nina swali," alisema. "Ningeliuliza asubuhi. Bakuli lilirudi tupu. Lilikuwa na maana gani?"

Zuhra akamtazama kwa mshangao, halafu akaanza kucheka, machozi yakiwa hayajakauka.

"Divine jamani! Ndicho kilichokuuma? Kwetu humrudishii chakula mtu unayemwita kuja kula. Ukimwekea kwenye bakuli lake umemwambia akale kwake! Nililirudisha tupu kwa sababu leo nataka ule kwangu, mkeka mmoja na mimi. Nilikuwa nakuja kukuita, nikakukuta tayari unaniita wewe, na bakuli liko juu!"

"Kwa nini hukusema?"

"Ulinipa nafasi? Na mimi nina mdomo pia, umenitukana. Halafu..." Akamtupia jicho Bi Mwajabu.

"Sema tu," alisema Bi Mwajabu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, miguu imenyooshwa, kufuli pajani. "Nilimkatalia. Nilimwambia dua inasomwa kwangu, sitaki kelele, yule akija atamrushia sheikh sahani. Akanisumbua toka alfajiri, nikamwambia nitaona. Basi nimeona."

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa amepanda juu ya gunia ili aone vizuri zaidi.

"Bi Mwajabu," Divine alisema, "siwezi kukuahidi kwamba sitakasirika tena. Nitakasirika. Labda hata kesho. Ila naahidi kujifunza kuweka chini."

Yule mama akaligeuza kufuli pajani. Amepangisha watu miaka ishirini na sita, na wote waliowahi kukosa walimwahidi kwamba hawatarudia kamwe, na wote walirudia.

"Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kweli," alisema. Akachukua kufuli, akaliweka chini ya kiti, akalisukumia mbali kwa kisigino. Kisha akanyanyua kawa la kufunikia chakula lililokuwa pembeni yake. Chini ya kawa lilikuwa bakuli la bati lenye maua mekundu, limejaa pilau mpaka juu, nyama tatu na kachumbari pembeni, mvuke bado unatoka.

"Nililiokota mwenyewe," alisema. "Watu wangelikanyaga. Sheikh aliomba aongezewe, nikamwambia chakula hiki kina mwenyewe, amesema atarudi."

Zuhra akasogea kwenye mkeka, akapiga kwa kiganja mahali palipobaki wazi, akamnyooshea Divine mtoto ampokee. Na Bi Mwajabu, aliyekuwa hajawahi kumvusha kizingiti chake hata siku moja, akainuka kwa shida, akashika pazia la sebule, akalivuta pembeni.

"Mnapigwa jua hapo nje na hawa wambeya. Vua viatu, mwanangu, nawa mikono. Ingia ndani ule."